Pikipiki ya Kanali Nzowa

Gari la abiria aina ya Noah la kwenda Iyula lilipoondoka Mlowo, Luhende alikuwa akikariri kimoyomoyo maneno atakayosema kwenye maziko ya Kanali Nzowa, aliyemfundisha kurusha ndege za kivita. Mama Restuta, jirani wa marehemu, alikuwa ameketi kando yake, akamuuliza atasema nini.

"Nitasema alivyotufundisha kuizunguka ndege kabla ya kuruka. Unaigusa kila mahali, unajitamkia unachokagua."

"Toba! Hilo usiliseme, baba. Hata pikipiki yake aliizunguka hivyohivyo kila asubuhi, anaipapasa, ananong'ona. Kijiji kizima tunajua alikuwa anaizindika kwa dawa. Mchungaji akisikia atafunga Biblia aondoke."

"Dawa? Ule ni ukaguzi, mama."

"Ukaguzi wa kunong'ona! Na mbona hakuanguka hata siku moja?"

Luhende akakumbuka kwamba hata angani mwalimu wake hakuwahi kuanguka. Sasa aseme, amchafue? Anyamaze, mwalimu azikwe kama mtu asiyefundisha kitu?

Gari liliposimama alishuka akiwaza hayo, na mikono ikafuata mazoea yake. Akalizunguka gari, akipapasa tairi moja moja, midomo ikimcheza.

"Kumbe dawa yake alikuachia wewe!" alisema Mama Restuta, akirudi nyuma.