Kikao Kilichofunguliwa Luanda Kotieno

Baada ya miaka thelathini na mmoja katika idara yetu, Dkt. Jacinta Amolo alistaafu rasmi Ijumaa iliyopita, tarehe 27 Juni. Nusura aondoke akimwacha mwanafunzi wake wa mwisho bila shahada.

Daktari ndiye aliyeanzisha hapa Kisumu masomo yetu ya uzamili katika falsafa ya lugha. Alifundisha kwamba kuna maneno ambayo kuyasema ni kutenda. Anayesema "mkutano umefungwa" haelezi habari, anafunga mkutano. Ila sharti awe na haki ya kusema, na wanaohusika wawepo.

Kila mwaka, siku ya kwanza, aliingia darasani akasema, "Darasa limeisha," kisha akanyamaza. Wanafunzi waliganda vitini. Mwaka mmoja Tom Oluoch alibeba mkoba wake akaenda nyumbani Kaloleni, akalala. Wiki iliyofuata Daktari alimsifu mbele ya wenzake: yeye peke yake ndiye aliyeamini kwamba mwalimu ana mamlaka ya kufunga darasa.

Ijumaa hiyo ya mwisho, Wendy Mukhwana alipaswa kutetea tasnifu yake. Kanuni zinataka msimamizi awe bado kazini, na mtahini wa nje awepo ana kwa ana. Hatuna msimamizi mwingine wa somo hili. Kama siku hiyo ingepita, Wendy angeanza upya kwa mada nyingine. Asubuhi mtahini, Profesa Oduor, akapiga simu kutoka Mbita, alikokwenda mazishini. Magugu maji yalikuwa yameziba gati, na feri ya kuja Luanda Kotieno, upande wetu wa ziwa, haikuwa imeondoka.

Kufikia adhuhuri, Mkuu wa Idara, Dkt. Zachariah Wanjohi, alipendekeza kwa nia njema kwamba kikao kitangazwe kimefunguliwa, kisha kiahirishwe hadi Jumatatu, ili tarehe ibaki ya Ijumaa. Sisi wa ofisini tuliinamisha macho. Wendy alikuwa amesimama mlangoni.

"Bwana Mkuu," Daktari akasema, "nimemfundisha huyu mtoto kwamba kikao hakifunguki hivyo. Leo nimwambie nilikuwa nacheza?"

"Na akikosa digrii, Mama?"

"Basi tumfuate mtahini. Gari lina mafuta?"

Jopo zima la utahini likapanda gari, pamoja na Wendy na sisi wa ofisini. Tulipofika Luanda Kotieno, ziwa lilikuwa kijani mbele yetu na feri haikuonekana. Wendy alishika tasnifu yake kifuani. Jua lilikuwa limeshuka sana feri ilipogusa gati, Profesa Oduor akiwa wa kwanza kuteremka.

Daktari alihakikisha kila mjumbe ameketi katika kibanda cha wauza samaki, ndipo mwenyekiti wa jopo akafungua kikao.

"Huyu msichana ameiba nini?" akauliza mama mmoja aliyekuwa akianua dagaa wake wa omena.

"Anatafuta digrii, Mama," Dkt. Wanjohi akamjibu.

"Basi mmuulize polepole."

Hawakumuuliza polepole. Mwishowe Profesa Oduor akatamka kwamba Wendy amefaulu, na masahihisho madogo.

"Rudia, Profesa," Daktari akasema. "Upepo umeyachukua maneno."

Akarudia. Wendy akalia.

Daktari, leo uko ukumbini na sisi sote tunaohusika tupo, kwa hiyo maneno haya yana nguvu: asante. Upumzike vyema, na maisha yako ya mbele yawe mema. Limebaki neno moja ambalo hakuna kati yetu mwenye haki ya kulisema. Tunakuomba utuambie wewe mwenyewe kwamba darasa limeisha, nasi tutainuka. Tom Oluoch, tafadhali usitangulie.