Barabara ya Kondoa Haina Magari

Mwaka ule serikali ilipopunguza wafanyakazi na dizeli ikapanda bei, kijiwe chetu cha Makole, kando ya barabara ya Kondoa, kilijaa watu hata mchana wa kazi. Ambokile, karani wa wizara aliyepunguzwa, tulimwita Mchumi. Athuman, Mrangi wa Kondoa ambaye lori lake lilikuwa limelala tangu mahindi yakauke mashambani, tulimwita Spea. Batuli ndiye aliyetuuzia kahawa na kutuamua tulipobishana. Siku hiyo Mchumi alikuja na habari mbaya: wale vijana waliokaa kando ya barabara siku kadhaa wakihesabu magari yanayopita wamemaliza kazi, na barabara ya Kondoa haipati greda wala kifusi.

— Kisa? Spea aliuliza.

— Magari hayapiti, alijibu Mchumi. Hali ikiwa ngumu magari yanapungua. Yakipungua, wapangaji wanasema barabara ya nini. Mtaka cha uvunguni sharti ainame.

— Nainama nini, Mchumi? Gari limekatika springi kwenye yale mashimo. Mke wangu Salma na watoto wako kule, tangu Ramadhani sijawaona. Wakitengeneza ndiyo tutapita.

— Na wao wanasema mkipita ndiyo watatengeneza.

 Spea akapata wazo.

— Ningefunga springi kwa waya, nikaazima dizeli, nikapita mbele ya wale vijana kutwa. Naenda na turubai, narudi bila turubai. Wangedhani ni malori mengi. Haba na haba hujaza kibaba.

— Wameshaondoka, baba, alisema Batuli. Ungewahi.

— Hata hivyo wasingekuhesabu, alisema Mchumi. Hao wametumwa na watu wa reli. Wanataka tupande treni.

— Treni ya Kondoa iko wapi?

— Hiyo watajenga baadaye.

Tulicheka, Spea naye kidogo.

— Basi tungewafunga punda namba za usajili, alisema. Punda wanapita kila siku.

— Punda hafi kwa mzigo mmoja, alisema Mchumi, na hakuna aliyejua ana maana gani.

Hapo akaja binti mmoja, amejitwika sanduku la bati. Alikuwa ameshuka treni alfajiri.

— Shikamooni.

— Marahaba, tuliitikia.

— Naitwa Yudith. Nimepangiwa kufundisha Kondoa. Eti basi linapita hapa saa ngapi?

Mchumi alikunywa kahawa iliyokwisha kikombeni. Spea akageukia upande mwingine. Basi la mwisho lililobaki lilikuwa limehamishiwa njia ya Morogoro, mwenye basi akidai abiria wa Kondoa hawatoshi.

— Au nimekosea njia? aliuliza Yudith.

— Njia ni hii hii, mwanangu, alisema Batuli, akimsogezea benchi.

Binti akashukuru, akatua sanduku na kukaa, uso ameuelekeza barabarani.