Tundu la Saba la Mzee Taratibu

Ijumaa ya wiki ijayo, tarehe thelathini, fundi mkuu wa bati katika karakana yetu ya ndege atarudisha funguo za kabati lake baada ya miaka thelathini na minne ya kazi. Sote tunamwita Mzee Taratibu. Wafanyakazi wamenipa mimi, binti wa mtunza stoo, kazi ya kuandika wasifu huu, kwa kuwa tangu darasa la pili ninafanyia kazi zangu za shule kwenye meza iliyo jirani na yake, na wanasema nimemsikiliza kuliko wao.

Alianza kwa kusafisha drili za wenzake. Mwaka wa tatu akapewa ya kwake, nayo anayo hadi leo. Ametengeneza milango, mabawa na sakafu. Bati lililobonyea alilinyoosha mpaka mwenye ndege akasahau lilibonyea wapi. Hakati kitu asichokipima mara tatu. Hata keki ya kumuaga mwenzake aliipima kwa rula kwanza, watu wakisubiri na sahani mkononi.

Jambo moja tu hakuwahi kulifanya: kupanda ndege. Akiulizwa sababu, alijibu kwamba anayejua ilipo kila ribiti, ule msumari wa kuunganishia bati, ana mengi ya kuwaza akiwa juu.

Kisha ikaletwa jeti iliyokuwa ikibeba abiria, igeuzwe maabara ya wanasayansi wa mawingu. Viti vingi viling'olewa, makabati ya vyombo yakafungwa mahali pake, nyaya zikapitishwa chini ya sakafu. Lakini chombo cha kupima hewa lazima kiifikie hewa ya nje, kwa hiyo mwili wa ndege ulihitaji matundu kumi na moja. Na karakana yetu ina sheria ya zamani kuliko sote: anayekata tundu jipya hupanda safari ya kwanza ya majaribio. Matengenezo hayahesabiwi, ndiyo maana Mzee alikuwa ameikwepa sheria hiyo miaka yote kwa heshima kamili.

Matundu kumi yalikuwa madogo, wenzake wakayagawana. La saba lilikuwa na upana wa sinia, mgongoni mwa ndege, la dirisha la kioo cha kutazamia anga. Likikosewa, ndege nzima imeharibika. Mhandisi Mkuu alisema kama hakuna atakayetia saini fomu ya kulikata kufikia Jumatatu, ndege itapelekwa karakana nyingine, na wanasayansi watayakosa mawingu ya msimu walioungoja miaka miwili.

Fundi wetu kijana, dada tunayemwita Milimita, alijitolea. "Mzee, nikate mimi, wewe unishikie taa." Mzee akamjibu, "Mwanangu, hili ukilikosea haliombwi msamaha." Akaenda nyumbani na mawazo yake. Mkewe alimsikiliza hadi mwisho, kisha akauliza swali moja: "Yaani watu wapande kazi yako, wewe ubaki chini kuwapungia mkono?"

Jumatatu asubuhi saini yake ilikuwa ya kwanza kwenye fomu. Alipima mara saba. Alikata siku nzima, akazungushia tundu bamba la kuliimarisha, na kioo kilipowekwa kilikaa kama kifuniko kwenye sufuria yake.

Siku ya majaribio alipanda akiwa ameshika mkanda kabla hajaketi. Ndege ilipofika juu, ukasikika mluzi mwembamba. Kila mtu alitazama dirisha la mgongoni, kisha akamtazama Mzee. Mzee akafungua mkanda, akasimama, akapitisha kiganja pembeni mwa kioo chote. Hakukuwa na pumzi ya hewa. Akaufuata mluzi hatua kwa hatua hadi kwenye mkoba wa mwanasayansi mmoja, akatoa chupa ya chai ambayo kifuniko chake kilikuwa kikipumua. Akakikaza. Kimya. "Profesa," akamwambia, "tundu langu halilii. Linalolia ni lako."

Tangu siku hiyo ndege imeruka safari mia mbili na kumi na mbili, na dirisha halijavuja hata mara moja. Mawingu ya msimu ule yalipimwa yote. Mzee mwenyewe amepanda mara ishirini na sita, na kila mara hukipapasa kioo kwanza, kama mzazi anayepima homa ya mtoto. Mafundi tisa wamejifunza kazi mkononi mwake.

Alhamisi, siku moja kabla hajastaafu, ndege itajaribiwa ikiwa na tundu la kumi na mbili, kubwa kama lile la saba. Amelikata dada Milimita, na safari hii aliyeshika taa ni Mzee. Kwa sheria, anayepaswa kupanda ni dada peke yake. Mzee ameomba kiti cha pembeni yake.

Tundu la kumi na tatu, nimeambiwa, bado halina mkataji. Mimi namaliza shule baada ya miaka mitatu.

Asante, Mzee wetu, kwa kila kipimo ulichokirudia kwa ajili ya usalama wa wengine. Nenda ukapumzike na mama pale nyumbani, kwa afya na furaha, na kila jeti ikipita juu ya paa lenu uitazame bila wasiwasi.