Mwalimu Runji na Benchi la Nyuma

Wasikilizaji wapendwa, hamjambo huko mliko? Wa Siakago, wa Manyatta, wa Kiambere, hata wewe uliye shambani na redio mfukoni, karibu. Mimi ni Mutegi. Leo tunamkumbuka Mwalimu Runji. Tulimzika Ijumaa, nyumbani kwake nje kidogo ya Siakago, akiwa na miaka sabini na tisa. Alinifundisha darasa la sita.

Mwalimu Runji aliokoka mwaka wa 1971, na alipookoka, aliokoka kabisa. Mwaka mmoja wazazi walimletea mbuzi ili mtihani "usiwasumbue watoto". Aliwarudishia mbuzi wao mbele ya gwaride, sisi tunacheka, wao wanaangalia viatu. Lakini wazazi hao hao wakisafiri, hati za shamba waliziacha kwake. Mtu kama huyo utampata wapi siku hizi, jamani?

Sasa sikilizeni. Alikuwa pia mzee wa kanisa, na kanisa letu lilikuwa na benchi la nyuma. Msichana akipata mimba kabla ya harusi, wazee wanalitaja jina lake kanisani, anakaa huko. Meza ya Bwana hashiriki mpaka asimame mbele ya watu wote, atubu kwa sauti. Hiyo ndiyo ilikuwa sheria.

Mwaka wa 2009 binti yake, Cicily, alirudi kutoka chuo cha ualimu akiwa mjamzito. Hakuna mtu aliyejua bado. Jumapili iliyofuata Mwalimu akasimama mwenyewe kanisani: "Jina la leo linatoka nyumbani kwangu." Cicily alikaa benchi la nyuma Jumapili tatu. Ya nne akaambiwa atubu. Akasema, "Mungu nimeshaongea naye. Nyinyi mnataka sinema." Akaenda Kiambere, akaanza kukaanga samaki wa bwawa. Hakurudi.

Alijifungua msichana. Kwa kuwa hakuna mume, desturi yetu mnaijua, mtoto hupewa jina la nyanya wa upande wa mama. Akaitwa Makandi. Na Makandi ndilo jina la marehemu mke wa Mwalimu. Mnaelewa? Jina la mkewe liliitwa Kiambere kila asubuhi, na yeye hakuwa hapo kulisikia. Niliwahi kumwuliza kwa nini haendi. Akaniambia, "Atubu kwanza. Wale mabinti wa watu niliowakalisha nyuma, nitawaambia nini?"

Miaka ikaenda. Vijana wakawa wanaanza maisha tu, harusi baadaye au kamwe. Mwaka jana kamati ya kanisa ikakaa, mimi nikiwa katibu. Ajenda ya nne ilikuwa benchi la nyuma. Iliwekwa katikati ya mabati yanayovuja na viti vya plastiki. Pasta akasema, "Mambo ya zamani haya. Tukiendelea hivi, tutabaki peke yetu." Tukainua mikono, tukaliondoa. Dakika kumi hazikufika. Mwalimu Runji akauliza polepole, "Na Cicily?" Tukaendelea na viti vya plastiki.

Jumamosi iliyofuata akaniomba nimpeleke Kiambere. Alivaa suti. Tulipofika kibandani, Cicily alikuwa ameenda kununua mafuta, na binti yake ndiye aliyekuwa kwenye karai.

"Unaitwa nani, mama?" Mwalimu akamwuliza.

"Makandi. Nikufungie samaki wangapi, mzee?"

Akanunua mmoja, akarudi garini kabla Cicily hajafika. Alimshika yule samaki kwenye gazeti mpaka Siakago, machozi yanamtoka. "Nilimwaibisha mtoto wangu mbele ya watu, na sasa wanasema haikuwa lazima," akaniambia. "Nitaanzia wapi, Mutegi? Usimwambie mtu nimekuja. Niahidi." Nikaahidi.

Yeye ndiye aliyenifundisha kwamba ahadi haivunjwi. Basi nikanyamaza. Miezi kumi na moja nilinyamaza, nikijiona mwaminifu sana. Presha ikamchukua Mwalimu, Cicily akiwa hajui kitu.

Ijumaa Cicily alikuja kumzika baba yake, na tulipotoka kaburini, nilimwambia yote. Nilidhani atalia. Aliniuliza swali moja tu.

"Kaka Mutegi, hiyo miezi yote, namba yangu ya simu ulikuwa nayo?"

Nilikuwa nayo.

"Basi wewe na baba ni kitu kimoja," akasema. Akaenda kuwapakulia wageni chakula.

Wasikilizaji wapendwa, mnaniuliza kila siku kama Ukristo wa msimamo mkali bado una maana siku hizi. Ule wa mbuzi, mimi nautamani. Ule wa benchi umetula. Kuutenganisha mmoja na mwingine, Mwalimu Runji alishindwa, na mimi mwanafunzi wake nimeshindwa. Kama kuna sheria unayoishika leo, tazama ni nani anayeumia ukiishika, na umtafute angali hai.

Kwa Cicily, kwa Makandi, kwa ukoo wote na wanafunzi wake popote walipo, poleni sana. Mola awashike mkono.

Cicily, kama unasikiliza, nisamehe. Laiti ningekupigia siku ile ile ya samaki. Baba yako angeshuka kwenye gari.