Nilikuwa Naondoka Ili Nifuatwe

Dada zangu, na nyinyi wanaume mliokaa kule nyuma, mnaniona nacheka nanyi kila Jumapili. Lakini nyumba yangu ilikaribia kuvunjika, na aliyekuwa anaivunja ni mimi.

Nilikulia Tanzania, kwenye kambi ya wakimbizi. Tuliporudi Burundi, wazazi wangu walijenga Gasorwe, kule Muyinga, nami nikaolewa huku Mutaho. Mume wangu halewi, hanipigi. Ni mtu wa kimya tu. Anatoka shambani, anakula, analala. Nikivaa kitenge kipya haoni. Nikilia ananiuliza kama chumvi imekwisha.

Mara ya kwanza tulipogombana kweli, nikaenda kwetu. Mnajua desturi yetu: mume anakuja na wazee wake na pombe ya ndizi, anasema mbele ya watu kwa nini anamtaka mkewe. Wangu akaja, akasema, "Bila yeye nyumba ni baridi. Hata watoto hawacheki." Ndugu zangu, nawaambia, nilikuwa nyuma ya mlango, nikajifunika uso. Maneno hayo sikuwa nimewahi kuyasikia.

Basi nikawa nayatafuta. Kimya kikinizidi, nazua ugomvi: mboga, mbuzi, mama mkwe, lolote. Nafunga mzigo, naenda kusikiliza nyuma ya mlango.

Safari ya mwisho hakuja. Alikuja wifi yangu peke yake.

"Kaka amechoka, wifi. Anasema kama umependa kwenu, kaa. Watoto wanabaki."

Mama yangu akaniuliza, "Anakupiga?"

"Hapana."

"Ana mwingine?"

"Hapana, mama."

"Sasa huku umefuata nini, ugali?"

Nikamwambia ukweli. Akasema, "Na mumeo, umemwambia?"

Nikarudi bila kufuatwa. Huku mlimani hiyo ni aibu. Majirani walitoka kunitazama. Nilimkuta mume wangu anamenya mihogo. Nikamwambia wazi kwamba nina njaa ya kusemeshwa. Akaweka kisu chini, akasema, "Mimi nilidhani kukulimia ndiko kukwambia."

Bado si msemaji. Kuna jioni natamani kuondoka tena. Na binti yetu, tukipandisha sauti kidogo tu, anakimbia kuficha viatu vyangu. Hilo linaniuma kuliko yote.

Namshukuru mama. Namshukuru wifi, aliyebeba ujumbe mchungu kisha akanisindikiza mpaka kwenye basi. Dada akija kwenu na mzigo, mpeni maji, kisha muulizeni anataka kusikia nini, na kama mumewe ameshaambiwa. Nanyi wanaume, msingoje mpaka wazee wakae ndipo mseme.