Mhesabu Minyoo wa Chumba cha Nyuma

Miaka thelathini na miwili fundi wetu wa maabara ya udongo ametumikia kituo hiki cha malisho. Ijumaa, tarehe thelathini Juni, anastaafu. Mkuu wa kituo aliniambia, "Bibi, wewe ndiye unayemjua, tuandikie ukurasa mmoja." Mimi ni mpika chai na mfagiaji, shule niliishia darasa la nne. Wasomi wote humu wameulizwa habari zake wakabaki kukuna vichwa. Aibu yenu.

Mmemwita Minyoo, naye ameitika. Alitoka vitaluni na ndoo ya udongo, akautandaza kwenye chujio chini ya taa, viumbe wakikimbia joto wakaangukia kichupani, kisha akainamia hadubini na kuwahesabu mmoja mmoja. Mgeni mmoja mkubwa alimpa mkono, akaambiwa asubiri kidogo, hesabu imefika mia nne na kumi na mbili. Mgeni akakaa na mkono hewani mpaka chai yangu ikapoa.

Kazi yenyewe ni hii. Ndani ya nyasi wanazokula ng'ombe mna ukungu usioonekana kwa macho. Nyasi haziugui, tena zinanawiri. Ila sumu ya ukungu huo inashuka mizizini, na huko chini viumbe wapo wanaohama, wapo wanaokufa, wapo wanaostarehe. Kwa vitalu viwili ubavu kwa ubavu, kimoja chenye ukungu na kingine bila, alituonyesha kuwa penye ukungu minyoo midogo inayotafuna mizizi ilipungua karibu nusu. Wafugaji wetu wanachagua mbegu kwa hesabu zake.

Lakini kabla ya hapo kuna miaka miwili iliyoharibika, nayo mnaisimulia vibaya. Hesabu za vitalu vyote viwili zilikuwa zikilingana. Alipokata jani la kitalu chenye ukungu akalitazama, ukungu haumo. Mbegu zilikuwa zimekaa kwenye joto, na joto huua ukungu likaiacha mbegu nzima, inaota kama kawaida. Ikasemwa ni uzembe wake. Usimamizi alioahidiwa akapewa mwingine, yeye akasukumiwa chumba cha nyuma. Miaka ishirini na mitatu amekula chakula chake humo peke yake. Alipofiwa na mkewe alirudi kazini siku ya nne, na hakuna aliyeingia kumpa pole. Mimi niliweka chai mezani nikatoka. Sikuwa na uso wa kukaa.

Mbegu nilizitoa mimi. Friji la kuzihifadhia lilikuwa linanuka, nikaliosha, mifuko nikaiweka stoo kando ya tangi la maji ya moto, nikaisahau miezi minne. Nilipokumbuka niliirudisha kimya kimya. Alikuwa anaingia, akanipisha mlangoni nikiwa nimeikumbatia. Baadaye, alipofokewa ukumbini, nilikuwa nimesimama pale na sinia. Akanitazama, kisha akasema, "Mbegu zilikuwa mikononi mwangu." Basi. Nilikuwa nalea wajukuu watatu wasio na wazazi, na yeye alijua. Nami nikafumba mdomo, leo, kesho, mwaka, mpaka nikazeeka nao.

Jumatatu nimempelekea mkuu haya yote kwa maandishi, jalada lake lisafishwe kabla hajaondoka. Akitaka kunifukuza anifukuze, mtachemsha maji wenyewe. Ameisoma barua, akaenda chumba cha nyuma, akafunga mlango. Walikaa saa nzima. Sikusikiliza.

Na wewe fundi, asante, mdogo wangu. Ulipaswa kunitaja, mkaidi wewe, nami nilipaswa kusema bila kutajwa. Tunakuombea afya, usingizi mzuri na uzee wenye watu. Jumapili nakuja kwako na hao wajukuu, watu wazima sasa, wakuone uso. Wameshaambiwa wewe ni nani. Fungua mlango, usijifanye hupo.