Aliyeinua Leso Nyuma ya Ukumbi: Maisha ya Alinanuswe Gwakisa Mwaseba, 1957–2025

Leo Jumatatu, tarehe 16 Juni 2025, tumekusanyika hapa Lupepo kumsindikiza dada yetu Alinanuswe Gwakisa Mwaseba. Tukuyu mjini wengi walimwita Mama Fred, na kiwandani walimwita Mama Bado. Majina yote mawili aliyaitikia. Maelezo haya yalisomwa kwa familia jana alasiri na kusahihishwa mara mbili, kwa kuwa mwenyewe asingekubali yaletwe mbele ya watu yakiwa hayajakamilika.

Alizaliwa tarehe 14 Agosti 1957 hapa hapa Lupepo, akiwa mtoto wa nne kati ya saba wa Mzee Gwakisa Mwaseba na Mama Tupokigwe. Siku hiyo mvua ilipiga bati tangu asubuhi. Mama Tupokigwe alikuwa akisema kwamba mtoto alilia hadi mvua haikusikika, na kwamba hiyo ndiyo mara ya kwanza na ya mwisho sauti ya Alinanuswe kumsaidia mtu.

Alianza darasa la kwanza Januari 1965 katika shule ya msingi ya kijijini na kumaliza la saba mwaka 1971. Alikuwa hodari wa hesabu na mwandiko, lakini alichokipenda kilikuwa kwaya. Mwalimu wa kwaya wakati huo, marehemu Mwalimu Ambakisye, alimvumilia kwa muhula mmoja. Siku moja akasimamisha wimbo.

"Alinanuswe, nyamaza kidogo."

"Nimekosea wapi, Mwalimu?"

"Tatizo si kwamba umekosea. Tatizo ni kwamba wenzako wameanza kukufuata."

Alilia siku hiyo. Kesho yake Mwalimu alimpa kazi: akae benchi la mwisho, nyuma kabisa, na kila asiposikia maneno ya wimbo ainue leso nyeupe. Kwa miaka mitatu alikaa nyuma na leso yake, na kwaya ya shule ile ilishika nafasi ya kwanza tarafani mara mbili. Picha ya mwaka 1970 ipo nyumbani. Waimbaji wamesimama mistari mitatu, naye yuko pembeni, ameshika leso kama mwamuzi wa mpira.

Tarehe 3 Mei 1976 aliajiriwa katika kiwanda cha chai, idara ya kunyausha, akafanya kazi hapo hadi alipostaafu mwezi Agosti 2009. Kwa wageni waliotoka mbali, ni vizuri kueleza. Majani mabichi ya chai hayaendi moja kwa moja kwenye mashine. Kwanza hutandazwa kwenye vitanda virefu vya wavu, upepo ukipita chini yake, hadi yalegee. Alinanuswe alikuwa akichota konzi ya majani na kuyafinya. Yakishikana kama donge kisha yakafunguka polepole, yamenyauka. Kikonyo kikikatika kwa mlio, alisema neno moja tu: "Bado." Wasimamizi wenye haraka walimchukia asubuhi na kumshukuru jioni. Alituzwa kama mfanyakazi bora mwaka 1988 na tena mwaka 2001. Mara ya pili alipewa blanketi, akalifinya mbele ya meneja kabla ya kusema asante.

Kiwandani ndiko alikokutana na fundi wa boila, Bwana Abrahamu Mwakatundu. Walifunga ndoa Jumamosi tarehe 22 Desemba 1979 katika kanisa la Ushirika wa Lupepo, wakajaliwa watoto wawili, Fred na Lilian. Mwaka 1996 walihamia mtaa wa Bagamoyo, Tukuyu. Shemeji yetu Abrahamu ni mtu wa usingizi. Alimsindikiza mkewe kwenye kila tamasha, kila kwaya ya mkesha, kila mchezo wa kuigiza, na taa zikizimwa naye alizimika. Akiulizwa, hujibu: "Nimelipa kiingilio kamili. Kulala kumo ndani yake."

Hapa tunafika kwenye jambo ambalo mji wote wa Tukuyu unalijua, nalo halikuachwa, kwa kuwa wahusika wenyewe wapo hapa na wametaka lisemwe.

Mwaka 2014 kijana wa Bagamoyo, Bwana Mohamedi Abubakary, ambaye wote tunamwita Muddy, alianzisha kikundi cha Mvumo kinachoonyesha tamthilia za nyimbo. Mama Fred alifurahi kama aliyepata mjukuu. Jumamosi tarehe 10 Juni 2017 kikundi kilitangaza "Harusi ya Suma", kiingilio shilingi elfu tano, bango limeandikwa uzinduzi mkubwa. Ukumbi ulijaa. Maiki ilikufa katika wimbo wa pili. Pazia lilianguka na kumfunika mshenga. Binti aliyeimba kama bibi harusi, Imakulata, aliyekuwa na miaka kumi na tisa, alisahau ubeti mzima. Watu walipoanza kunung'unika, Muddy alipanda jukwaani akasema kwamba wasamehe, leo walikuwa wanajaribu tu, onyesho lenyewe litakamilika wiki ijayo.

Mama Fred akasimama kule nyuma.

"Muddy mwanangu, kama onyesho ni la majaribio, mbona tiketi haikuwa ya majaribio?"

Ukumbi ulicheka kwa muda mrefu. Laiti angeishia hapo. Aliendelea kusema kwamba mshenga ameigiza vizuri zaidi akiwa chini ya pazia, na kwamba bibi harusi anaimba kama mtu anayetafuta funguo. Watu walicheka zaidi. Imakulata alikimbilia nyuma ya jukwaa, na Jumamosi iliyofuata viti zaidi ya nusu vilikuwa vitupu.

Tarehe 24 Juni Mama Fred alifika mlangoni na elfu tano yake mkononi. Mke wa Muddy, Bibi Tausi, ndiye aliyekuwa akikata tiketi.

"Mama, shikamoo. Nisamehe, nimeambiwa nisikuuzie."

"Marahaba, Tausi. Hujakosa wewe. Dirisha nalo limeambiwa?"

Dirisha halikuwa limeambiwa. Akazunguka upande wa barabara, mumewe akamletea kigoda na mwavuli, naye akasikiliza akiwa nje mwanzo hadi mwisho. Waliompitia walicheka. Watoto wake waliona aibu, Fred akamwambia aache, hawa watu hawamtaki. Alijibu kwamba anajua hawamtaki, lakini wimbo unatoka hadi nje. Kitu ambacho hakukisema kwa Fred, alimwambia Lilian: tangu Mwalimu Ambakisye ampe leso, hakuwahi kuwa na mahali pengine pa kuimba isipokuwa katika kusikiliza. Akifungiwa mlango wa ukumbi huo, hana kwingine.

Wiki hiyo hiyo alimwendea Imakulata kwao, akiwa na mkungu wa ndizi na jogoo. Hakujitetea. Alisema, "Kazi yako nilikuwa na haki ya kuisema, nililipa. Wewe mwenyewe sikuwa na haki ya kukucheka. Hilo halimo kwenye tiketi." Imakulata alikuwa amekwisha kuamua kuacha kuimba. Lakini alimpokea jogoo, na Jumamosi akapanda tena jukwaani.

Jumamosi tarehe 1 Julai mvua ilinyesha kama ilivyo kawaida yake. Katikati ya wimbo wa kumuaga bibi harusi, Imakulata aliona kupitia dirishani leso nyeupe ya Mama Fred, ile ambayo wote walijua huiinua asiposikia maneno, imeinuliwa chini ya mwavuli. Akasimamisha wapigaji, akasogea mbele, akarudia ubeti polepole, neno kwa neno, hadi leso ikashuka. Ukumbi ulipiga makofi bila kujua sababu. Muddy alijua. Onyesho lilipokwisha alitoka nje hadi kwenye kigoda.

"Mama, hivi wewe unataka nini kwangu?"

"Kuingia."

"Ukiingia utasema."

"Nitasema. Ila nisemee wapi? Ukiniuzia kitu kama kimekamilika, nitasema mbele ya waliouziwa. Niite kabla hujawauzia watu, nitakwambia wewe."

"Na nani atalipa kuja kuona kitu kibichi?"

"Mimi. Nusu. Kiwandani jani bichi nalo lina bei yake, lakini hakuna anayelifunga kwenye pakiti."

Shemeji Abrahamu, aliyekuwa amesinzia ukutani, alifumbua macho akasema, "Mkubalie, mwanangu, turudi ndani. Huku nje siwezi kulala vizuri." Muddy akacheka, na mambo yakaishia hapo.

Tangu hapo kikundi cha Mvumo kina Siku ya Bado. Alhamisi kabla ya Jumamosi ya uzinduzi, bango huandikwa wazi neno "Bado", kiingilio ni nusu, na wimbo wa mwisho ukiisha hakuna anayeondoka. Kila aliyelipa ana ruhusa ya kusema kilichomshinda, kwa masharti mawili ambayo Mama Fred mwenyewe aliyaweka: useme kazi, usimcheke mtu, na ukishasema Alhamisi, Jumamosi unyamaze. Watu huja kutoka Suma, Lupepo na mashambani, wengine kwa ajili ya maneno kuliko nyimbo. Maonyesho kumi na manne yamepitia hapo. Yeye alikaa benchi la mwisho katika yote, na hakukosa la kusema hata mara moja. Bibi Tausi alimtania, "Mama, wewe siku ukiridhika tutafunga ukumbi." Naye akamjibu, "Basi mna miaka mingi ya biashara."

Mwezi Oktoba 2024 alianza kuchoka na kuvimba miguu. Alitibiwa Tukuyu na baadaye Mbeya, ambako madaktari walieleza kuwa moyo umepungukiwa nguvu. Familia inawashukuru wote waliomhudumia. Alizipokea habari hizo kwa utulivu, akauliza swali moja, kama atafika Juni, kwa kuwa Juni kikundi kilikuwa na tamthilia mpya, "Koti la Mvua", na Imakulata ndiye aliyeitunga.

Alifika. Alhamisi tarehe 12 Juni Lilian na Fred walimshika mikono hadi benchi la mwisho. Alilipa nusu kama wengine. Tiketi ya bure aliikataa. Leso ilikaa mapajani tangu wimbo wa kwanza, na waliomjua walianza kugeuka kumtazama kuliko jukwaa. Iliinuka mara moja tu, katika wimbo wa mwisho. Zamu yake ya kusema ilipofika alisema kwa sauti ndogo kwamba ngoma inakula maneno ya ubeti wa mwisho, wapigaji wapunguze. Kisha akaketi. Muddy akauliza, "Na mengine, Mama?" Akajibu, "Mengine sina."

Mlangoni alimkabidhi Bibi Tausi nusu nyingine ya kiingilio.

"Mama, leo ni Bado. Hii ya nini?"

"Najua ni Bado. Nimelifinya, limenyauka. Hiyo ni bei kamili. Jumamosi nitakuja kusikiliza ule ubeti."

Bibi Tausi alilia hapo hapo, kwa furaha, na akafunga dirisha la tiketi za Jumamosi dakika kumi kabla ya wakati.

Jumamosi tarehe 14 Juni 2025, saa mbili asubuhi, nyumbani kwake Bagamoyo, Alinanuswe alimwomba mumewe amfungulie dirisha, na muda mfupi baadaye akafariki dunia akiwa na umri wa miaka sitini na saba. Shemeji Abrahamu alikuwa macho.

Ameacha mume, Bwana Abrahamu Mwakatundu, watoto wawili, Fred na Lilian, wajukuu watano, ndugu watatu, na benchi moja la mwisho, ambalo kikundi cha Mvumo kimeomba lisikaliwe Siku ya Bado.

Jambo la mwisho. Uzinduzi wa "Koti la Mvua" uliahirishwa, lakini kikundi hakikupumzika. Jana kutwa walifanyia kazi wimbo wa mwisho, na ngoma imepunguzwa. Wataimba sasa hivi, udongo ukianza kurudishwa, Imakulata akiongoza. Muddy ameomba isemwe kwamba hii si Bado. Nanyi mliosimama nyuma, kwenye migomba, leso zenu mnazo mikononi tangu asubuhi. Ikiwa kuna neno la ubeti wa mwisho lisilowafikia, ziinueni, nao watarudia.

Dada yetu, tulia sasa katika amani ya Bwana, usikilize.